Kipeuo cha Pili, Igombe

Fuso linapiga honi mara moja tu.
Dereva akikuta gunia moja kando ya barabara
analipa bila kelele: faida elfu ishirini.
Akikuta mawili anazima injini, anawasha sigara,
na bei inashuka, inashuka,
mpaka faida inabaki vumbi la dagaa kwenye mshono wa gunia.
Anayebaki nyumbani huuza kwa mafungu,
kwa walimu, kwa wauguzi wa zahanati:
elfu kumi, haizidi, haipungui.

Walipokuwa wawili, mama na Nkwimba, niliwatatulia kwa sarafu.
Kichwa, nenda. Simba, baki.
Nusu kwa nusu, na hapo hakuna wa kumzidi mwenzake ujanja.
Kila alfajiri mia mbili ya mama ililia juu ya mwamba.

Kisha akahamia Nyanjura, kutoka Ukerewe,
na chanja tatu za waya, na mdomo wake.

Nikafungua daftari.
Niliita y ule uwezekano wa mtu kubaki kitandani.
Ili gunia lako liwe peke yake, lazima wenzako wote wawili walale:
y mara y.
Mara mbili ya mraba wa y, sawasawa na moja.

Nikachora. Mstari ukaning'inia kama wavu ulioshikwa ncha mbili,
ukakata ule ulionyooka mahali pawili.
Mzizi wa kushoto ulikuwa chini ya sifuri,
kule ambako hakuna mtu wa Igombe awezaye kubaki nyumbani.
"Na huo ni wa nini?" mama akauliza.
Nikasema ni hasi, lakini nao ni wa kweli, hasi mara hasi ni chanya.
"Deni mara deni," akasema, akigeuza dagaa kwa fagio,
"ni kesi."

Mzizi wa kulia: sifuri nukta saba, sifuri, saba, moja,
sifuri, sita, saba, nane,
na hauchoki.
Hakuna sarafu ya kuurusha. Rusha mara kumi, rusha mara elfu,
utaukaribia tu.
Wawili walitoshwa na nusu; wa tatu alipoketi
jibu likatoka nje ya sehemu zote,
nami sijui kama Nyanjura alijua alichopanda nacho kivukoni.

Nilifurahi, niseme kweli. Sikula.

"Hilo jibu lako," mama akasema, "linanipa nini kwa siku?"
Nikapiga hesabu. Nikapiga tena.
"Elfu kumi."
"Na nikilala tu?"

Kunguru walishuka kwenye chanja ya Nkwimba, hakuna aliyewafukuza.

Nikachora upya, safari hii kila mwanamke na herufi yake:
mchemraba, na ndani nyuso tatu zilizopinda
zikikutana katika nukta moja, ile niliyoipenda.
Lakini pembeni kabisa, kwenye vipeo,
palikuwa na nukta tatu kavu ambazo nilizipita kwa dharau:
mmoja aende, wawili wabaki.
Sikuwa hata na la kutatua hapo.

Walikuwa wameshaanza. Jumatatu Nyanjura, Jumanne mama,
Jumatano Nkwimba, kisha mwanzo tena;
elfu kumi na tatu na ushei kwa kila mmoja, ukigawanya,
na hakuna aliyeniita kuthibitisha.
Mia mbili ile ilinunua kiberiti.

Sasa mama anabaki nyumbani siku mbili katika kila tatu.
Kipeuo changu kilitaka zaidi kidogo:
tofauti ni siku nne katika mia.
Nazihesabu. Siku hizo honi inalia,
mama yuko barabarani na gunia lake moja,
nami kwenye hesabu bado nimemwacha kitandani,
shuka hadi kidevuni, ziwa likipiga mawe,
na sehemu za desimali zikiendelea.